Mume anataka tukimbilie kwao kabla ya kura, nami sijui kwetu ni wapi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kaptembwo hapa Nakuru. Nina duka dogo la nafaka. Nauza mahindi, maharagwe, ndengu na njugu kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na wikendi naongeza omena. Mume wangu ni fundi katika gereji mjini. Yeye ni Mjaluo wa upande wa Ahero, Kisumu, mimi ni Mkikuyu, nimezaliwa Molo. Tumelea watoto, tumezika wazee wa pande zote mbili, na mambo ya kabila hayajawahi kututenganisha hadi mwaka huu.

Uchaguzi wa rais ni Agosti mwaka ujao, lakini nyumbani kwangu ni kama ni kesho. Mume wangu ameshakata shauri. Anasema mwezi wa saba tufunge duka, tukodishe lori, twende Ahero sote tukakae huko hadi rais aapishwe. Anasema Nakuru si mji wa kuaminiwa wakati wa kura. Namwelewa kwa kiasi. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya kura, alikuwa kijana anayepanga chumba mtaa wa Rhonda hapa Nakuru, na najua aliondoka kwa lori akarudi kwao bila hata godoro. Huwa hasemi zaidi ya hapo.

Asichojua yeye ni kwamba Januari hiyohiyo mimi nilikuwa msichana wa shule, na tulifika Nakuru usiku kutoka Molo na mama yangu, tukalala ndani ya hema pale uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya watu. Nyumba yetu ilikuwa imechomwa. Sijawahi kumsimulia. Tulipokutana nilitaka kuanza upya.

Sasa naogopa Ahero. Mama mkwe ananipenda, siwezi kusema uongo. Lakini mwaka 2022 matokeo yalipotangazwa nilikuwa huko kwa matanga, na shemeji zangu wakaanza kusema "watu wenu, watu wenu" huku wakinitazama. Walikuwa wanatania, lakini sikulala. Je, mambo yakiharibika, nitakuwa mke wa boma au nitakuwa mtu wa upande ule? Kaka yangu naye amenipigia simu akaniambia nichukue watoto niende kwake Ol Kalou, mume aende kwao, "mtakutana baadaye." Nikimweleza mume wangu maneno hayo, najua hatakanyaga mlangoni kwa kaka yangu tena.

Kifungua mimba wangu mwaka ujao atakuwa Kidato cha Nne. Ana jina la Kijaluo, anaongea Kikuyu na nyanya yake na Sheng na wenzake. Juzi tulikuwa tunapima maharagwe dukani, akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, wakianza, mimi nitaitwa nani?" Nilijifanya nahesabu gorogoro.

Kuna pia chama chetu cha kuchanga pesa. Tumo wanawake wa makabila yote ya mtaa huu. Mmoja ametaka tugawane pesa zote kabla ya Juni na tuvunje chama, kwa sababu "hatujui tutakuwa wapi." Mwingine, rafiki yangu wa miaka mingi, alituma kwenye grupu ya WhatsApp sauti ya mtu akiita watu fulani madoadoa, yaani watu wa kabila jingine wasiotakiwa mahali. Hakuna aliyemjibu. Siku iliyofuata alikuja dukani kununua ndengu kama kawaida, nikampimia, nikachukua pesa, sikuweza kumtazama usoni.

La mwisho nakuambia wewe tu. Mume wangu aliniuliza nitampigia nani kura. Mgombea wangu si wake. Nilinyamaza, na tangu hapo kuna ukimya nyumbani. Usiku naamka saa tisa, nafungua simu, nasoma siasa hadi alfajiri. Mfanyabiashara anayeniletea mahindi kutoka Kitale anauliza kama mwaka ujao nitachukua magunia kama kawaida, nami sina jibu. Nimfuate mume wangu? Nibaki? Niwagawe watoto?

Mama asiyelala, Nakuru

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama pale kijana alipouliza ataitwa nani. Nitamrudia.

Nikuambie kwanza nilivyokuelewa, unisahihishe kama nimekosea. Umeniuliza mkae wapi Agosti: Ahero, Nakuru au Ol Kalou. Lakini ndani ya barua naona swali jingine ambalo hukulitamka, nalo ni kama wewe na mume wako mtakuwa upande mmoja siku hiyo. La kwanza linahusu lori, kodi ya duka na masomo. La pili ni la ndoa yenu. Yameshikana, na nadhani ndiyo sababu kila mkianza kuzungumza habari za safari mnaishia kununiana.

Hofu yako haina aibu. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu vifo 1,133 baada ya kura ya Desemba 2007, na watu waliofurushwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Nakuru haikuwaka mara moja. Kwa wiki kadhaa ilikuwa inapokea waliokimbia sehemu nyingine, kisha mwishoni mwa Januari nayo ikashika moto. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na nyinyi wawili mliumwa na nyoka mmoja, katika mji mmoja, mwezi mmoja.

Sijui kama umewahi kulitazama hivyo. Wewe uliingia Nakuru ukitafuta usalama, yeye akatoka Nakuru akitafuta usalama. Kwako wewe huu ni mji uliokupa hema na maji. Kwake ni mji uliomfukuza bila godoro. Kwa hiyo yeye akisema Nakuru haiaminiki, na wewe ukisikia kwamba anataka kukuhamisha kutoka mahali palipokuokoa, kila mmoja anazungumza kutoka katika Januari yake mwenyewe. Mmelala kitanda kimoja miaka yote hii na yeye hajui kwamba ulikuwa pale uwanjani.

Sikulaumu kwa kunyamaza. Wengi waliopitia yale walifanya hivyo, na ukimya huo uliwasaidia kujenga nyumba, kuoana na kuzaa. Ninachojiuliza ni kama bado unakusaidia. Nahisi mume wako anaamini ni yeye peke yake ndani ya nyumba anayejua kukimbia ni nini, na kwamba wewe unabishana naye kwa sababu hujaona. Angejua ulichoona, pengine maneno yake yangekuwa mengine. Pengine pia yasingebadilika. Siwezi kukuahidi.

Ukiamua kumsimulia, chagua saa yake. Isiwe baada ya taarifa ya habari, wala siku ambayo kaka yako amepiga simu. Simulia ya kwako tu: usiku mliofika, mama yako alisema nini, mlikula nini asubuhi. Usiingie katika nani alianza. Halafu umwombe naye akupe ya kwake kwa ukamilifu, ile ya lori, na umsikilize hadi mwisho hata akisema jambo linalokuchoma kuhusu kabila lenu. Hatari ipo. Kidonda kinaweza kufunguka, naye anaweza kufunga mdomo zaidi kwa siku kadhaa. Kama unahofia hilo, mtafuteni mtu mmoja mnayemheshimu nyote wawili, mchungaji au jirani mzee, asiyevaa fulana ya chama chochote, akae nanyi.

Sasa tuje Ahero. Mume wako anahesabu kwamba nyumbani ni salama na Nakuru ni hatari. Mwaka 2008 hesabu hiyo ilikuwa sawa kwake. Lakini mwaka 2017 Nakuru ilipita salama kuliko Kisumu. Matokeo ya Agosti yalipotangazwa, mitaa ya Kisumu kama Nyalenda iliingiliwa na polisi usiku, nyumba hadi nyumba, na mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa akiwa ndani na wazazi wake, akafa baadaye. Waliokuwa Kisumu mwaka ule walikuwa kwao, miongoni mwa watu wao, na kabila halikuwakinga. Hili silisemi ili uende kumshinda mumeo kwa hoja. Nalisema kwa sababu nyote wawili, naye kaka yako pia, mnafikiri usalama uko penye watu wa lugha yako. Wakati mwingine uko huko. Wakati mwingine hatari inakuja na gari la serikali na haimuulizi mtu jina.

Kuhusu hofu yako wewe ya Ahero, naomba nikuulize kwa upole: "watu wenu" ya shemeji zako ilikuwa ni nini? Umesema walikuwa wanatania, na utani wa matangani unaumiza kwelikweli ukiwa peke yako. Ila umesema pia mama mkwe anakupenda. Umewahi kumuuliza yeye? Mama mkwe wa kule ana sauti kubwa katika boma lake. Mazungumzo naye mapema, wakati hakuna joto, ya kumwambia "mama, mwaka ule niliumia," yatakufundisha mengi kuliko kukisia usiku saa tisa. Akikujibu kwa kukukumbatia, Ahero itakuwa mahali pengine machoni pako. Akikwepa, nalo utalijua mapema.

Tuangalie muda vilevile, maana mumeo amesema hadi rais aapishwe, na sijui kama mmekaa mkahesabu. Kura ni Agosti 10, 2027. Katiba inatoa hadi siku saba kutangaza matokeo, siku saba nyingine za kuwasilisha kesi, na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua. Mwaka 2022 kura ilipigwa Agosti 9 na kiapo kikaliwa Septemba 13. Mwaka 2017 mahakama ilifuta uchaguzi Septemba 1, kura ikarudiwa Oktoba 26, na kiapo hakikufika hadi Novemba 28. Mkifunga duka Julai, linaweza kukaa chini ya kufuli miezi miwili, na likikaa kama 2017 linaweza kufika minne. Kodi ya duka nani atalipa? Wateja wako watakuwa wameshazoea gorogoro ya mtu mwingine. Na kijana wako yumo katika kundi la mwisho la KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mfumo wa zamani wa 8-4-4. Kumtoa shule muhula huo ni jambo la kuzungumza na mwalimu wake mkuu, na pia na yeye mwenyewe.

Kubaki Nakuru nako kuna uzito wake. Nikikuambia mji huu hautatikisika nitakuwa nakudanganya, kwa sababu hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba uchaguzi wa 2013, 2017 na 2022 umepita bila Nakuru kurudia yale ya 2008. Tena mengine yamebadilika tangu ule wa 2007, wakati matokeo yalipotangazwa Nairobi na rais akaapishwa siku hiyohiyo magharibi ikiingia, huku upande wa pili ukisema mahakama haiaminiki. Leo kura zinahesabiwa kituoni mbele ya mawakala, fomu 34A yenye matokeo ya kituo inabandikwa mlangoni, na mwaka 2022 Mkenya yeyote mwenye simu aliweza kuzifungua fomu hizo na kujumlisha mwenyewe. Mshindi anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika kaunti 24, kwa hiyo hakuna kabila linaloweza kumweka mtu Ikulu peke yake. Hayo yanapunguza sababu za kupigana. Hayaziondoi. Vijana waliouawa mitaani katika maandamano ya kupinga kodi Juni 2024 hawakuwa wanagombania kabila hata kidogo, na bado walikufa.

Kuwagawa watoto, wengine Ahero na wengine Ol Kalou, ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kati ya yote uliyoyataja, ingawa najua kuna familia zilizofanya hivyo zikakutana tena salama. Ukimpeleka huyu kwa baba na yule kwa mama, watoto wataelewa kitu ambacho hukukusudia kuwaambia. Kijana wako amekwisha kuanza kukielewa.

Kuna njia ambayo hukuitaja, nami sijui kama itawafaa. Familia nyingine hazikati kauli ya kwenda wala kubaki sasa hivi. Zinakubaliana ni dalili gani zikionekana zitaondoka, na zitakwenda wapi. Mnaweza kukaa wawili mkaandika: tukiona vikaratasi vya vitisho mtaani, tukiona majirani wa kabila fulani wanahamisha vitu usiku, mzee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani wa ulinzi, akituonya, tunatoka siku hiyo. Tena mahali pa kwenda pasiwe kwao wala kwenu, labda kwa rafiki katika mji ambao hakuna anayewauliza majina. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na vyeti vya shule vikae katika mfuko mmoja. Pesa kidogo ya nauli ikae kwenye simu ya kila mmoja wenu. Yule wa Kitale mwambie mwaka ujao utachukua nusu ya magunia Julai na nusu Septemba, atakuelewa, kwa sababu hata yeye ana hofu ya kuweka lori barabarani wiki ya kura. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inawataka mkubaliane kuhusu dalili mapema na msibishane siku yenyewe, na kwa sasa hamzungumzi.

Mkielekea kwenda Ahero na bado unataka kupiga kura, kumbuka umejiandikisha Nakuru. Sheria inaruhusu mtu kuhamisha kituo katika ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge, lakini nafasi hiyo hufungwa miezi kadhaa kabla ya uchaguzi. Usilisahau hilo hadi Juni.

Kura yenyewe ni yako. Katiba inasema ni ya siri, na siri hiyo inakulinda hata chumbani. Hukumdhulumu mume wako kwa kunyamaza. Ila yeye hajui umenyamaza kwa nini, na anaweza kuwa anadhani umehama kwa moyo, umerudi kwa kaka yako. Kama kumtajia mgombea kutaleta vita, unaweza kumwambia kitu kingine ambacho pia ni kweli: "Kura yangu naipiga mwenyewe, lakini siku hiyo nitakuwa na wewe." Kama unahisi anaweza kuisikia habari yote bila kukasirika, basi hilo wewe unalijua kuliko mimi. Na akikutishia au akijaribu kukulazimisha, hayo ni mambo mengine kabisa, niandikie upesi.

Rafiki yako wa grupu nina neno fupi kumhusu. Unajua alituma, hujui kama aliisikiliza hadi mwisho. Watu wengi wanasukuma sauti kama hizo bila kuzisikiliza. Akija tena kununua ndengu, unaweza kumvuta pembeni na kumwambia ulivyojisikia, wewe mke wa Mjaluo na mama wa watoto wenye majina ya Kijaluo. Huenda ukampoteza. Lakini urafiki wa kupimiana nafaka bila kutazamana tayari umeshapotea nusu. Na chama, kabla hamjagawana, ulizaneni mnaogopa nini hasa. Kama ni pesa kukwama mikononi mwa mweka hazina asiyefikika, mnaweza kuiweka benki yenye watia saini watatu. Kama mnaogopana nyinyi kwa nyinyi, mkutano wa kulisema hilo ni mgumu, ila nyinyi ni wanawake ambao mmekopeshana karo na kuchangiana matanga kwa miaka. Sijui ni watu gani mtaani kwenu walio na nafasi nzuri zaidi ya kulisema.

Usiku wa saa tisa nao usiuache hivihivi. Simu ilale jikoni, si chini ya mto. Siasa isome mara moja mchana, upewe na chombo unachokiamini, halafu basi. Usingizi ukigoma kwa wiki nyingi, au ukianza kuona tena yale ya Molo waziwazi kana kwamba uko pale, hicho ni kitu ambacho wauguzi na washauri wanakijua na wanakitibu. Msalaba Mwekundu wana nambari ya bure, 1199, ya kuzungumza na mshauri. Kupiga si lazima uwe umezidiwa.

Basi kijana wako. Hakukuuliza habari za siasa. Alikuuliza yeye ni wa nani, na alichagua kukuuliza mikono yenu ikiwa kazini, macho chini, ili upate nafasi ya kujibu bila kutazamwa. Huhitaji kuwa na jibu la Agosti ndipo umjibu. Unaweza kumwambia yeye ni mtoto wa baba yake wa Ahero na mama yake wa Molo, kwamba amezaliwa Nakuru, na kwamba wewe na babake mnakaa kupanga namna ya kumlinda yeye na wadogo zake. Hilo la mwisho ndilo litakalokulazimu uzungumze na babake kwanza, maana kijana wa umri huo atakwenda kumuuliza yeye pia, na atalinganisha majibu.

Niandikie baada ya kuongea naye, hata kama mazungumzo yatakuwa mabaya.

Shangazi